Mzigo Usiohitaji Ngata

Kwetu mtu hafiki nyumbani na mzigo wake mwenyewe. Ukionekana unakuja na begi, kikapu au hata mfuko wa chumvi, aliye karibu atakuja kukupokea, na wewe utamwachia, hata kama mzigo ni mwepesi na yeye amechoka kuliko wewe. Ukimkatalia, umemwambia jambo. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha hilo. Nililijua kabla sijaanza shule, kama nilivyojua kwamba mtu hanusi chakula alichopewa.

Mama alikuwa akija kunipokea njia panda. Nilikuwa nafanya kazi Kayanga, na kila Jumamosi nilishuka kwenye lori pale barabara inapoachana na njia ya kwenda kwetu Kanoni, nikamkuta amesimama karibu na kibanda cha fundi baiskeli. Mkononi alikuwa na ngata ya kutwikia mzigo kichwani, aliyoisokota kwa majani makavu ya mgomba, ameivaa kwenye kiwiko kama bangili. Alinisalimu, akaniangalia kama nimekonda, kisha akanyoosha mikono. Nami nilimpa begi, akalitwika, tukaondoka, yeye mbele mimi nyuma, akinieleza nani kafa, nani kazaa, na mbuzi wa nani kala maharagwe ya nani. Baba alishafariki zamani na dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Mazungumzo ya wiki nzima alikuwa ameniwekea mimi.

Najua utasema, kijana mzima anambebesha mama yake? Ndiyo. Ungekuwa kwetu usingeuliza. Mama aliyekuja kukupokea halafu akarudi mikono mitupu alikuwa anatembea na aibu, na aibu ile watu waliiona.

Tena kichwa chake kilikuwa kimebeba makubwa. Shule yangu yote ilipita juu ya kichwa hicho, na hapa sisemi kwa mafumbo. Mwaka wa vita vya Uganda nilikuwa darasa la kwanza. Magari mengi yalichukuliwa kwenda kubeba askari, na lori la chama cha ushirika lililokuwa likizunguka vijijini kukusanya kahawa halikuonekana tena. Wenye baiskeli walitumia baiskeli. Mama alitumia kichwa. Alibeba kahawa yetu, iliyonilipia shule, gunia kwa gunia hadi ghala la chama, nami nikimfuata nyuma na kigoda chake, maana ghalani kulikuwa na foleni na hakupenda kukalisha kitenge chake vumbini. Vita viliisha, lori likarudi, likaharibika, likarudi tena, na yeye akaendelea kubeba tu. Nilipoanza kazi, shingo yake ilikuwa haigeuki. Ukimwita kutoka pembeni aligeuka mwili mzima, kuanzia miguuni. Nilikuwa nikimtania kwamba anageuka kama askari wa gwaride, na yeye alicheka. Siku hizi nikilikumbuka hilo gwaride silioni la kuchekesha.

Laptopu ilinijia mwishoni mwa miaka ya tisini. Mradi wetu ulikuwa wa kujengea chemchemi: tunazungushia ukuta, tunaweka bomba, watu wanachota maji yasiyokanyagwa na ng'ombe. Mhandisi wetu, mgeni kutoka Ulaya, alipomaliza mkataba aliniachia kompyuta yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika taarifa. Ofisini tulikuwa na kompyuta ya mezani ambayo kuihamisha kulitaka wanaume wawili na maneno makali. Hii ilikuwa nyeusi, nyembamba kuliko Biblia ya mama. Ukiifunga ungeweza kuibana kwapani ukasahau kuwa unayo. Nilipoinyanyua mara ya kwanza nilidhani ndani hamna kitu.

Wembamba ule ulikuwa na masharti yake. Haikuwa na tundu la kuingizia diski. Kidude cha diski kilikuwa peke yake, kizito, kina waya wake, na nilikiacha kwenye droo ofisini kwa sababu sikutaka kujitesa. Kwa hiyo nilichoandika ndani ya laptopu kilikaa ndani ya laptopu. Kioo chake kilitaka ukitazame moja kwa moja. Ukiinama kidogo, maandishi yalififia. Betri niliichaji ofisini jenereta ikiwaka, na nikifika nayo nyumbani ilidumu muda wa maharagwe kuiva, si zaidi. Lakini nani alijali? Nilijiona ndiye kijana mwenye laptopu Karagwe nzima, na inawezekana nilikuwa sahihi.

Jumamosi ya kwanza nilishuka kwenye lori nimeikumbatia kifuani. Mama alinyoosha mikono.

"Leta, tata," akasema. Tata ni baba. Akina mama wa kwetu huwaita hivyo watoto wao wa kiume wakiwapenda.

"Hii niachie, mama."

"Ni nzito?"

"Siyo nzito."

"Basi leta."

"Niachie tu."

Aliitazama ngata yake, akairudisha kwenye kiwiko. Siku hiyo hakutangulia. Nilitangulia mimi, yeye akafuata, na habari za mbuzi na maharagwe hazikusimuliwa. Tulipopita kwa jirani yetu, mwanamke wa asili ya Burundi aliyeolewa kijijini kwetu na ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, aliegemea jembe akatuangalia.

"Leo msomi amejibebea mwenyewe," akasema. "Mmegombana, au begi lina mayai?"

"Lina kazi ya serikali," mama akajibu.

Haikuwa ya serikali, na mama alijua. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa kipaimara kwamba uongo ni dhambi alisema uongo njiani, mbele ya migomba yote, ili mimi nisionekane vibaya. Nilimsikia, nikaendelea kutembea.

Ilikuwa hivyo kila Jumamosi. Alikuja na ngata yake, alinyoosha mikono, nami nikasogeza begi upande wa pili. Sikuwa na sababu ya maana. Nilijiambia kwamba ataiangusha, mwanamke aliyebeba mitungi ya maji na magunia ya kahawa miaka ishirini bila kuangusha hata kikombe. Tena begi lilikuwa zuri, lenye vifungo vya chuma, na niliogopa kutia humo sukari au sabuni visije vikaimwagikia laptopu. Kwa hiyo nikaacha kununua sukari. Kisha nikaacha sabuni. Nikawa naenda nyumbani kila wiki na mzigo mwepesi kuliko yote niliyowahi kubeba, na kati ya vilivyokuwamo hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mama.

Nyumbani nilikaa sebuleni, miguu kwenye nyasi mbichi alizotandika sakafuni kwa ajili yangu, laptopu mapajani, nikigonga. Yeye alipita na ndoo ya maji. Akapita na mkungu wa ndizi. Akapita na kuni. Kila alipopita alisimama mlangoni kidogo, na mimi nilijua anasimama, nikagonga kwa nguvu zaidi ili ajue kwamba hii nayo ni kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na mimi nilitaka sana mama auone uzito wa mzigo wangu. Ulikuwa mzigo gani? Vidole.

Siku moja alikuja akaweka kiganja chini ya laptopu, kati yake na paja langu.

"Ina joto," akasema. "Kama kifaranga."

"Ndivyo ilivyo."

"Mna nini humu ndani?"

"Kazi."

Alisubiri. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Humo ndani kulikuwa na chemchemi za kata zote tulizopita, nyingine alizijua kuliko mimi, nyingine alichota maji yake akiwa msichana. Ningeweza kumgeuzia kioo nikamsomea jina la chemchemi ya bondeni kwa wazazi wake, akasikia jinsi nilivyoiandika. Ningeweza kumwambia kinachoiua: maji, vumbi, joto, moshi. Yangekuwa maneno manne tu. Lakini nilishaamua kwamba hataelewa, na ukishaamua hivyo juu ya mtu, hata kumpa habari unaona ni kupoteza betri. Alikwenda kuchochea maharagwe.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Jumapili moja, nilipotakiwa kurudi Kayanga, mvua ilikuwa haikatiki. Lori lililokuwa linarudi lilikuwa wazi, bila turubai, na baada ya hapo nilitakiwa kwenda Songambele kukagua chemchemi, nikipita kwenye matope kwa pikipiki. Nilizungukazunguka sebuleni na begi mkononi. Hatimaye nikafanya nilichokuwa nimekikataa miezi yote. Nilimpa mama.

"Naiacha," nikasema. "Weka pakavu. Panya wasifike."

Aliipokea kwa mikono miwili. Nakumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyokumbuka uso wangu mwenyewe wa siku zile. Alifurahi mno. Alisimama pale, mama mtu mzima, ameishika laptopu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa kwanza wa binti yake, hajui aanze kwa kukaa au kwa kutembea.

"Nitaitunza, tata," akasema. "Wewe nenda."

Songambele nilikaa kuliko nilivyotarajia, maana daraja moja lilikwenda na maji. Niliporudi, mama alikuwa njia panda, na safari hii hakungoja nishuke. Alikuja hadi ubavuni mwa lori.

"Mzigo wako ni mzima," akaniambia kabla hata ya salamu. "Panya hajaunusa, na tone la mvua halijaugusa."

Tulitembea yeye akiwa mbele. Alinisimulia yote: mvua ilivyobomoa jiko la jirani, paa la kanisa lilivyovuja wakati wa mahubiri na mchungaji akahamia upande wa wanawake. Alicheka. Nami nilicheka, nikasema moyoni kwamba kumbe ingekuwa rahisi hivi siku zote.

Alinipeleka jikoni.

Mtu wa kwetu atakuwa ameshajua. Katika nyumba ya mkulima, masika yakipamba moto, ziko wapi sehemu kavu zisizofikiwa na panya? Chumbani sakafu inatoa maji. Sebuleni nyasi zinaoza. Mchwa wanakula masanduku. Sehemu ni moja tu, uchaga wa juu ya mafiga, pale moshi unapopita mchana na usiku. Hapo ndipo mbegu za maharagwe hukaa zisiingiwe na wadudu, ndipo mtama wa mbegu hukaa, na kahawa ya kutafuna ya kumpa mgeni, na masalia ya senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaushwa. Kitu ambacho familia haiwezi kukikosa mwaka ujao kiko pale juu. Mama alikuwa ameitoa laptopu kwenye begi, akisema ngozi ya begi huvuta unyevu, akaifunga kwa kitenge chake cha kanisani, akailaza katikati ya mbegu. Na kwa sababu mvua ilizidi, akahakikisha moto hauzimiki. Alitumia kuni kavu alizokuwa ameziweka kwa ajili ya msimu wa kulima, akachochea kutwa nzima, siku zote nilizokuwa Songambele, hata wakati hapakuwa na kitu cha kupika.

Aliishusha mwenyewe. Akakifungua kitenge polepole, akiniangalia mimi badala ya kukiangalia, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Kifuniko kilikuwa kimepinda. Vitufe viling'aa kwa masizi yenye mafuta, na baadhi vilikuwa vimezama havirudi. Ilinuka senene. Niliiweka kwenye kigoda nikachomeka betri niliyokwenda nayo Kayanga kuchaji, nikabonyeza. Mstari mweupe ulipita kwenye kioo, ukatetemeka, ukazimika. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza tena na tena, na mama akawa amechuchumaa pembeni, tabasamu likiwa bado usoni lakini limeanza kutojua pa kukaa.

"Imelala?" akauliza.

Nilimjibu kwa Kiswahili. Inabidi nieleze, kwa sababu asiye wa kwetu hataona kosa. Mimi na mama tulizungumza Kinyambo tangu nilipozaliwa. Kiswahili nyumbani kwetu kilikuwa lugha ya karani wa kahawa, ya mgambo na ya daktari. Mama alikijua, lakini alikitumia akiwa amesimama, mbele ya meza ya mtu.

"Nani alikwambia uiweke kwenye moto?" nikasema. "Hii ni mali ya kazi. Kama kitu hukijui, si uulize?"

Mama alisimama. Akakunja kitenge chake cheusi kwa moshi, akakiweka juu ya mkono. Kisha akanijibu, kwa Kiswahili pia, kile kile anachomjibia karani anapoambiwa kahawa yake haijakauka.

"Nimekosa, bwana."

Sikumwambia asiniite hivyo. Niliirudisha laptopu kwenye begi nikaondoka siku ile ile.

Mkubwa wangu kazini aliipokea habari kwa kuguna tu. Vyombo huharibika, alisema, na ile ilikuwa ya mgeni aliyekwishaondoka. Taarifa ya chemchemi niliiandika upya kutoka kwenye karatasi za safari, na naona ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Fundi mmoja mjini Bukoba aliifungua laptopu, akainusa, akaniuliza kama tunakaanga chakula juu yake, kisha akaifunga. Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maafa yenyewe. Hasira hasara, tuliimbishwa shuleni, lakini hawakutuambia kwamba hasara huwa haimwendei mwenye hasira.

Jumamosi iliyofuata nilinunua sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Nilishuka kwenye lori na mzigo wa kustahili mtu na ngata yake. Karibu na kibanda cha fundi baiskeli hapakuwa na mtu. Nilisubiri. Fundi akaniuliza kama mama anaumwa. Nikasema hapana. Nikasubiri tena hadi nikaona fundi ananionea huruma, nikajibebea.

Mama hakuwa amenuna. Afadhali angenuna. Alinipokea mlangoni vizuri, alinipikia ndizi na maharagwe, nyasi mbichi zilikuwapo sakafuni. Lakini nilipomnyooshea mfuko wa sukari, alirudisha mikono nyuma.

"Weka mwenyewe," akasema kwa upole. "Pale unapopajua wewe."

Hakugusa kitu changu chochote. Shati nililoning'iniza uani lilinyeshewa, na alilipita likinyeshewa. Na hakuniita tena tata. Hakuniita bwana pia. Hakuniita chochote, alianza sentensi zake katikati. Wiki baada ya wiki nikawa naongeza mizigo kama mwendawazimu. Nilibeba mchele, nikabeba dumu la mafuta, nikabeba jembe jipya ambalo halikuhitajika, nikitumaini kwamba uzito utamtoa nyumbani. Njia panda ilibaki tupu. Nilimwendea jirani yetu wa ulimi usio na mlango, nikamwomba anisemee.

"Nikuombee mzigo upokelewe?" akasema. "Mzigo hauombewi na jirani. Mwenyewe ulimnyima mwepesi. Atakuwa na hamu gani na mzito?"

Kwetu mtoto hamkalishi mzazi wake chini na kumwambia "nisamehe" kama watu wanavyofanya kwenye michezo ya redio. Ukijaribu, mzazi atasema "yameisha", na hayatakuwa yameisha. Lazima kuwe na kitu kitakachofanyika.

Kahawa ikakauka. Jumamosi moja ya kiangazi nilifika nikamkuta uani amefunga gunia la mwisho, tayari kwenda ghala la chama. Baiskeli ya jirani, ambayo siku hizo alikuwa akiiazima, ilikuwa kwa fundi. Alikuwa anasokota ngata.

Nilimnyang'anya ile ngata. Sina neno lingine, nilimnyang'anya. Nikaiweka kichwani, nikiwa na shati langu la ofisini, nikachuchumaa mbele ya gunia.

"Nitwishe," nikasema, kwa Kinyambo.

Alinitazama, akageuka mwili mzima kuangalia kama kuna mtu barabarani. Mwanaume wa kwetu hubeba begani, au kwa baiskeli. Kichwani na ngata, hapana. Lakini alishika upande mmoja wa gunia, mimi nikashika mwingine, likapanda.

Sikujua. Nasema kweli, miaka yote niliyomfuata na kigoda sikuwa najua. Uzito hauji kichwani, unakuja shingoni, halafu kwenye magoti, halafu kwenye meno. Huwezi kugeuka. Ukitaka kuona kilicho pembeni lazima uzungushe mwili mzima, kuanzia miguuni. Jirani aliniona nikipita, na ikawa mara ya kwanza na ya mwisho kumkuta hana la kusema. Mama alikuwa nyuma yangu, mikono mitupu. Nilisikia kitenge chake kikipiga miguu. Hakuwa anasimulia chochote.

Kilima cha kwanza nilikipanda. Cha pili, katikati, miguu ilianza kutetemeka, jasho likaniingia machoni, nikasimama. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo kila mwanamke wa kijiji chetu analijua tangu utotoni. Mzigo mkubwa wa kichwani hauwezi kuutua peke yako. Ukiuachia utapasuka, au utakuvunja. Lazima uwepo mkono wa mtu mwingine.

"Mama," nikasema. "Nipokee."

Nilidhani amebaki nyuma. Kisha mikono yake ikashika gunia kutoka upande wa pili, uzito ukapungua, likashuka taratibu hadi kwenye majani. Nilikaa chini. Shati lilikuwa limechafuka na shingo ilikataa kusimama. Yeye alikaa karibu yangu, akaichukua ngata iliyokuwa imebonyea, akaanza kuisokota upya.

"Ile sinia yako," akasema. Ndivyo alivyoiita laptopu, sinia, na sikuwa najua kwamba alikuwa na jina lake. "Ungeniambia tu kwamba haitaki moshi."

"Najua, mama."

"Ningelala nayo kitandani. Ningelala nimeikumbatia." Alikuwa anaiangalia ngata. "Mbegu nilikuwa naambiwa na baba yako, hii usiweke jua, hii usiweke maji, nami natunza. Sijawahi kuozesha mbegu ya mtu. Wewe ulininyima maneno."

Nililia. Sikulia kwa sauti, na sikujificha pia. Aliniacha nilie. Alipoona nimemaliza alisimama, akakung'uta vumbi kwenye kitenge chake, akaiweka ngata kichwani kwake na kuiweka sawa kwa kiganja. Nilisimama haraka nikamwambia hapana, nitabeba mimi, nipumzike kidogo tu. Nilichuchumaa kwenye gunia. Magoti yalikataa. Nikajaribu tena, yakakataa tena, na ghala lilikuwa linakaribia kufungwa.

Alikwishainama mbele yangu, shingo yake ile imenyooka.

"Nitwishe, tata," akasema.

Nikamtwisha. Akatangulia, na njiani alinisimulia habari za kijiji za miezi yote ile, nami nikamfuata nyuma nikiwa sina hata kigoda mkononi.